Mpishi wa Kipindi cha Tatu

4 Februari

Shikamoo wifi Mwalimu,

Muhtasari wako nimeupata, kurasa kumi na moja, na nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama mwanafunzi wako, mara ya pili kama fundi cherehani anayepima kitambaa. Kitambaa ni kizuri. Tatizo ni kwamba kimekatwa kwa ajili ya macho, na mimi chuo chako kimenipa kazi ya kushona nguo ya masikio.

Nikupe mfano. Umeandika, "Kama tulivyoona hapo juu." Hapo juu wapi, wifi? Anayesikiliza podikasti yuko kwenye basi au anaosha vyombo. Ukimwambia hapo juu ataangalia dari. Halafu mabano. Yako arobaini na tatu, na hakuna binadamu anayezungumza kwa mabano. Na ile orodha ya mambo tisa ya kuzingatia unapoandika ripoti ya mteja wa ushauri nasaha, likifika la nne mtu ameshasahau la kwanza. Jicho linaweza kurudi nyuma, sikio haliwezi. Kwa hiyo orodha nitaivunja niichanganye ndani ya visa, na wewe utazungumza kama unavyozungumza na wanafunzi wakishafunga madaftari.

Kilichonishika zaidi ni kipindi cha tatu, cha jinsi ya kuandika kisa cha mtu bila kumwanika. Yule mpishi anayeogopa jiko lake mwenyewe. Nataka kipindi kizima kisimame juu yake, ila umenipa mistari mitano tu. Niongezee nyama. Mikono yake inafanya nini? Anasema maneno gani? Msikilizaji lazima amwone.

Mdogo wako, huyo mume niliyepewa na ukoo wenu, alirudi Jumamosi salama. Amesema mlango wa stoo yako sasa unafunga. Mwezi uliopita ulikuwa wa bafu, kabla ya hapo wa uani. Nyumba yako ina milango mingapi, wifi? Natania.

Mama yangu anakusalimu. Bado amemnunia mkwe wake. Kila mkwe akimkuta chini ya jengo lao anamwambia apande ngazi, eti ni mazoezi. Ghorofa ya saba! Fundi wa lifti, na lifti ya jengo lile anaitunza yeye mwenyewe, anamkataza mama mkwe kuipanda. Mama anasema huenda mkwe ana haraka ya kumzika.

Nakuandikia barua pepe kama ulivyotaka. Najua simu inapiga mluzi kwenye hicho kifaa chako cha sikio.

Wifi yako,
Kalamu


7 Februari

Marahaba wifi,

Umenichekesha na dari. Miaka ishirini na sita nafundisha watu kuandika habari za nafsi za wenzao, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa mabano hayasikiki. Vunja orodha, una ruhusa. Ila sentensi moja usiiguse: "Andika kwanza ulichoona, unachodhani kiandike kwenye mstari mwingine." Wanafunzi wangu wakiona mtu ana machozi wanaandika kuwa ana huzuni. Huenda alikuwa anakata vitunguu.

Sasa mpishi. Ana miaka arobaini na mbili. Alipata ajali kazini, ndogo, hakuumia hata ukucha. Tangu siku hiyo kila asubuhi anafika mbele ya mlango wa jiko, funguo mkononi, anasimama. Halafu anasema, "Nimesahau kitu," na kurudi alikotoka. Hajasahau chochote. Anavua kofia, anaifuta ndani kwa leso, anaivaa tena. Jasho linamtoka mpaka shati linagandana na mgongo, kwa hiyo anabeba shati la pili kwenye mkoba. Mchana anajifungia chooni, anasuuza la kwanza, anavaa la pili. Jioni anarudi nyumbani mkavu. Mkewe hajui. Kila akizungumza anamsifu mkewe. Anasema ndiye mtu mmoja ambaye hataki kumtia hofu.

Ukimwandika mtu kama huyu unambadilishia kazi, unambadilishia mji, umri unausogeza kidogo, mpaka jirani yake mwenyewe akisikia asimtambue. Hilo ndilo somo la kipindi chenyewe.

Kuhusu milango, nyumba ni ya zamani, mbao zinavimba mvua ikinyesha. Mdogo wangu ana mikono mizuri.

Wifi yako,
Mwalimu


12 Februari

Wifi Mwalimu,

Rasimu ya kipindi cha tatu nimeiandika lakini sijaituma. Nina maswali.

Kofia ya mpishi ni ya kitambaa. Kitambaa hakifutwi ndani kwa leso, kinafuliwa. Kofia inayofutwa ndani ni ile ngumu, ya kujikinga. Huyo mpishi wako anaogopa nini kimwangukie kichwani, sufuria?

Hilo dogo. Kubwa ni shati.

Tangu mwezi wa nane mume wangu anatoka hapa na shati moja na kurudi na lingine. La asubuhi linarudi limesuuzwa, bichi, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Sikumuuliza. Nilinyamaza nikawa nanusa kola kila jioni kama mbwa wa polisi, nikitafuta manukato ambayo si yangu. Sikuyapata. Nikajiambia, ndiyo maana analisuuza. Mwanamume gani anafua shati kazini kama hana kitu cha kuondoa? Miezi sita nimelala na swali hilo, wifi, na asubuhi namwandalia chai.

Halafu nalikuta shati hilo hilo kwenye barua yako, mpaka na kusuuzwa kwake.

Naona mambo mawili tu. Ama mdogo wako ana mwanamke huko kwenu, wewe unamfunika kwa hadithi za milango, na katika mazungumzo yenu ya kunicheka hilo la mashati likakutoka. Ama mpishi si mpishi. Damu ni nzito kuliko maji, na katika nyumba hii maji ni mimi. Hilo nalijua tangu siku ya harusi. Lakini hata maji yana haki ya kuambiwa yanamwagwa wapi.

Nijibu moja kwa moja.

Kalamu


13 Februari

Wifi,

Nimeona safari hii hukuniamkia. Sawa.

Hakuna mwanamke. Nakuapia kwa kaburi la mama yetu. Mdogo wangu akija hapa anakunywa chai, tunazungumza, anapanda basi la saa kumi.

Kuhusu mpishi siwezi kukujibu. Aliyenieleza habari zile alinieleza faraghani, na nilikosea kukuongezea maelezo. Naomba kipindi cha tatu kifutwe chote. Tubaki na vipindi vitano, chuo hakitauliza. Futa na rasimu yako, na usimwonyeshe mtu.

Mwalimu


17 Februari

Wifi,

Sikufuta. Mtu akikuambia futa, tena usimwonyeshe mtu, ujue hapo ndipo pa kusoma vizuri.

Kila muswada nausoma kwa sauti nikiwa na saa mezani, nijue unachukua dakika ngapi. Jana jioni nilikuwa kwenye meza ya kulia, nasoma habari za mpishi kwa sauti ya kituo cha redio. Nilipofika pale anaposema "Nimesahau kitu", nikasikia funguo zinaanguka sakafuni. Mdogo wako alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini.

"Hiyo umeipata wapi?" akauliza.

"Ni ya kazi. Kuna mpishi mmoja."

"Nimekuuliza umeipata wapi."

"Kwa dada yako."

Akaziokota funguo, akaenda bafuni. Nikasikia bomba limefunguliwa, maji yanakwenda tu, hakuna mtu anayenawa. Nilimfuata nikakaa kwenye kizingiti. Alikuwa ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea, shati limemgandana mgongoni, mbele yangu, mwaka wa kumi na nne wa ndoa. Nikasema, "Kwa hiyo ni wewe." Akasema, "Dada aliniambia itabaki kati yetu." Basi. Hajasema neno lingine mpaka sasa.

Kwa hiyo hakuna mwanamke. Nilifurahi, nisikufiche. Nilifurahi kama dakika tano. Halafu nikakumbuka kuwa ulikuwa tayari kuwaambia wanafunzi mia mbili kabla hujaniambia mimi. Tena kwa kalamu yangu mwenyewe. Ulinipa mume wangu nimpambe, nimtie chumvi, nimtangaze.

Sasa na mimi nifuate kanuni yako. Nilichoona: ovaroli zake zinarudi safi. Zamani kopo la sabuni ya grisi lilikuwa halimalizi wiki tatu. La sasa ni la mwezi wa tisa na limebaki nusu. Ninachodhani: sijui nidhani nini. Fundi wa lifti asiyeshika grisi anafanya nini kutwa nzima? Anakwenda kazini kweli? Wewe umeambiwa nini?

Kalamu


18 Februari, asubuhi

Wifi,

Nimesoma barua yako nikiwa ofisini, nikafunga mlango. Acha nikueleze yote, kwa sababu kuficha kumeshatuharibia.

Mwezi wa nane alikuwa amesimama juu ya paa la lifti, ndani ya lile shimo refu inamopita, anakagua. Alikuwa ameizima. Ikaondoka naye. Ghorofa mbili, gizani, kisha ikasimama. Hakujikwaruza. Alishuka, akamalizia kazi, akarudi kwako akala chakula. Kesho yake alifika mlango wa shimo, miguu ikakataa.

Alinijia mwezi wa tisa. Nilimwambia mimi si daktari wako, mimi nafundisha uandishi, na hata ningekuwa daktari mtu hamtibu ndugu yake. Nikampa majina ya washauri wawili. Akasema atazungumza nami au na ukuta. Ningefanyaje? Tumekuwa tukikaa, anaongea, namsikiliza kwa sikio langu zima. Mlango mmoja alitengeneza kweli, siku ya kwanza, ili mikono iwe na shughuli.

Akishaondoka nilikuwa naandika. Mwanzoni niliandika nisisahau. Baadaye, nikisoma nilichoandika, nikaona ni kizuri. Hapo ndipo nilipokosea, na sina neno la kulainisha. Nilikuwa na kisa kizuri kuliko vyote nilivyofundishia na kilikuwa cha mdogo wangu. Nikamvisha kofia ya mpishi nikajidanganya kuwa amefichika. Samahani, wifi. Naandika neno hilo peke yake.

Lakini jambo la ovaroli limenishtua. Aliniambia kuwa mwenzake ndiye anayepanda ndani ya shimo, yeye anabaki chini na karatasi. Kwa maneno hayo nilitulia, nikaona tuna muda. Nijibu hili moja: mume wako anafanya kazi na nani?

Mwalimu


18 Februari, jioni

Wifi,

Hafanyi kazi na mtu. Mwenzake alistaafu mwezi wa tisa, tulimnunulia mwavuli wa kumuaga. Hajaletwa mwingine.

Niliposoma swali lako nilikwenda moja kwa moja kwenye mkoba wake. Kila lifti ina kadi ya ukaguzi. Kila mwezi fundi anatakiwa kupanda juu yake, aangalie kamba za chuma na breki, kisha atie saini. Ana majengo matano. Mwezi wa tisa mpaka huu, zote zimesainiwa, saini nzuri, zimenyooka kama za karani.

Alipoingia nilikuwa nimezipanga mezani.

"Hizi zote umepanda?"

"Lifti mbovu inasikika. Nimesikiliza."

"Umepanda?"

"Hapana."

"Hata moja?"

Akatikisa kichwa.

"Na ya jengo la mama?"

Akaigeuza kadi ya jengo lile kifudifudi, na hapo hapo nikaelewa yale mazoezi ya ngazi. Mama yangu amekuwa akimtukana kwa majirani, kumbe mtu mzima alikuwa anajaribu kumwokoa mmoja bila kuwaambia wengine. Jengo lile lina familia thelathini na sita, wifi. Thelathini na tano hazina mkwe.

Nikamwambia, "Kesho utamwambia bosi wako, au nitakwenda mimi." Akasema nikifanya hivyo nitakuwa nimemmaliza. Nikasema huenda. Nimempa mpaka saa nne asubuhi.

Wewe ulijua nusu, mimi nilijua nusu, na kila mmoja alikuwa anailinda nusu yake asije mwenziwe akaipata. Sijui nikucheke au nijicheke.

Kalamu


19 Februari, alfajiri

Wifi,

Nakuomba, mpe wiki moja.

Sikatai kwamba lazima aseme. Nakataa asukumwe. Miezi mitano nimekaa na mtu huyu. Alipokuja mara ya mwisho alinieleza kwamba amesimama mbele ya mlango wa shimo akahesabu mpaka mia bila kurudi. Ukimpeleka leo mbele ya watu, wakamnyang'anya cheti, atarudi mwanzo, na mwanzo wake mimi niliuona, wewe hukuuona. Alikuja hapa akashindwa kushika kikombe. Nipe wiki nimwandae. Wakati huo achukue likizo ya ugonjwa, nitamtafutia barua.

Na nikuulize, kwa kuwa tunaulizana. Hasira hii yako ni ya lifti au ni ya mashati?

Mwalimu


19 Februari, mchana

Wifi,

Ni ya vyote viwili. Nimejikagua usiku kucha nisipate mahali pa kuvitenganisha. Lakini hata kama ningekuwa sina hasira kabisa, lifti zingekuwa pale pale.

Likizo ya ugonjwa ingemficha yeye tu. Kadi zimesainiwa, nani angezitilia shaka? Asubuhi nilipita jengo la mama, nikakaa kwenye benchi la chini nusu saa. Milango ya lifti ilifunguka mara kumi na tisa. Akatoka mzee mwenye fimbo. Wakaingia watoto wa shule wamebanana, wanasukumana, wanaruka ruka ndani ili itikisike. Alitoka mama mmoja na mtoto mchanga, akaniambia habari za asubuhi. Wiki moja unayoomba, wifi, ni ya hao.

Kisha nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara mbele ya ofisi yake. Sikumwamini kwamba atakwenda; ndiyo ilikuwa kazi yangu pale, kumtilia shaka kwa macho. Alifika saa tatu na nusu. Akasimama nje ya mlango. Akatoa funguo, ingawa mlango ule haufunguliwi kwa funguo. Akarudi nyuma hatua tatu. Nikaweka mguu barabarani ili nivuke.

Akaingia.

Nilikaa pale mpaka saa tano kasoro. Alipotoka alikuwa na bosi wake na mwanamke mwenye faili, wote watatu wakapanda gari la kampuni. Hakuniona. Au aliniona akanyamaza. Siku hizi sina hakika na lolote.

Kalamu


25 Februari

Wifi,

Nimemwandikia mdogo wangu mara tatu, hajajibu. Haki yake. Nakuomba wewe tu uniambie kama anakula, na kama mlango wa bafu mnauacha wazi akiwa ndani, asibaki na mawazo yake peke yake. Usinielewe vibaya. Au nielewe hivyo hivyo.

Daftari nililoandikia habari zake nimelifunga kwenye bahasha. Mwambie nitampa mkononi au nitalichoma, achague mwenyewe. Mkuu wa idara ameniuliza vipindi vimefikia wapi. Nimemwambia mwandishi bado anashona.

Mwalimu


27 Februari

Shikamoo wifi,

Nimekuamkia kwa sababu umeuliza la mlango wa bafu. Swali hilo angeliuliza dada tu. Anakula. Mlango tunauacha wazi.

Lifti zote tano zilisimamishwa siku ile ile. Waliletwa wakaguzi kutoka nje. Nne ni nzima, ikiwamo ya mama. Ya tano ni ya lile jengo lenye maabara ya kupima damu: kamba mbili za chuma zilikuwa zimeanza kukatika nyuzi, tena si tangu jana. Mkaguzi alimpa mdogo wako kipande. Amekuja nacho nyumbani mfukoni, ameambiwa aje nacho kwenye kikao, amekiweka juu ya kabati la vyombo. Kila nikichukua sahani nakiona.

Amesimamishwa kazi. Kikao cha nidhamu ni Jumatatu. Bosi wake anasema angalau amejitokeza mwenyewe. Yule mwanamke mwenye faili hasemi kitu. Majirani wa mama wanapanda ngazi wakilaani, na mama, ambaye wiki iliyopita alikuwa akimsengenya, sasa anawajibu kwenye kila ghorofa kwamba mkwe wake ndiye aliyesema. Hajui kwamba ndiye pia aliyenyamaza miezi yote hiyo. Sijamwambia bado.

Mimi na mdogo wako tunaishi kama wapangaji wenye adabu. Jana alivaa shati jeupe kwenda dukani akarudi na jeupe, nikajikuta nimelikazia macho nihakikishe ni lile lile. Alinikamata nikitazama. Akalivua akanipa mkononi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

Vipindi vitano nimekutumia, vimekamilika, soma cha pili kwanza. Cha tatu ninacho. Siwezi kukifuta na siwezi kukutumia. Nimempa yeye akisome, kwa kuwa ni chake kuliko chetu. Amekaa nacho siku mbili.

Wifi yako,
Kalamu


1 Machi

Shikamoo dada,

Mimi si mtu wa kuandika, utanivumilia.

Barua zako tatu nimezipata. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nakutafutia tusi na sikupata linalotosha. Nilikuja kwako kwa kuwa ni dada yangu. Nikiwa ndani ya basi narudi, nilikuwa najisikia mwepesi, nafikiri yale niliyosema yamebaki kwenye kikombe cha chai. Kumbe yalikuwa yanapigwa mstari na kuwekwa namba za kurasa. Daftari usilichome. Lilete, nataka kuona nilionekanaje.

Mke wangu amenipa kipindi cha tatu. Nimekisoma kama mara sita. Mmeniandika vizuri, nyote wawili, mpaka nikamwonea huruma huyo mpishi. Ila kina kosa, na si kosa la kofia.

Mpishi akiogopa jiko, watu watalala njaa siku moja, kesho watatafuta mpishi mwingine. Ataumia yeye tu. Mimi nilipoogopa, watu waliingia ndani ya kile chuma wakabonyeza namba wakaniamini. Ukiniita mpishi unanifanya mtu wa kuhurumiwa, na sehemu yangu mbaya inabaki nje ya hadithi. Wakaguzi wameniuliza maswali mengi lakini hakuna aliyeniuliza kwa nini saini zangu ni nzuri vile. Nilikuwa nasaini polepole. Nilikuwa natumia muda ule ambao ningekuwa nimepanda.

Kwa hiyo rekodi kipindi chako. Jina langu usiseme, mji usiseme, umri punguza ukitaka. Lakini sema ni fundi wa lifti, na sema alisaini. Najua kuna mwenzangu mahali fulani amesimama mbele ya mlango wa shimo sasa hivi. Akisikia habari za mpishi atacheka aendelee.

Wale watu wawili ulionipa majina yao mwanzoni, mmoja nimemwona Alhamisi. Ni kijana kuliko mimi na ana kikohozi. Nitarudi kwake, kwako sitarudi kwa ajili ya hayo. Nikija nitakuja kukusalimia, na sijui ni lini.

Kesho ni kikao. Mke wangu anakwenda nami. Nilimwambia hana haja, nitamweleza nikirudi. Akasema anataka kusikia kwa masikio yake, kwa sababu ninayomweleza bado anayapunguza nusu. Sikubishana. Nusu ni nyingi.

Amesimama nyuma yangu ninapoandika, anajifanya anapanga vitabu. Nimemwambia aisome barua hii kabla sijaituma. Amesema ataisoma mara mbili.

Mdogo wako,
Fundi